Kadi iliisha siku nane kabla njia haijafunguka

Jumanne nilikuwa dukani nahesabu mabegi ya shule, dazeni kwa dazeni, simu ikalia. Barua pepe. Shirika la ndege nililopanda kwenda China miaka tisa mfululizo linasema limenikumbuka, linataka nirudi, na linaweza kunirudishia kadi yangu ya dhahabu, ile ya hadhi wanayopewa wateja wanaosafiri nao sana. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikashuka mpaka chini kabisa ya ujumbe, nikakuta bei. Nikilipa hizo dola ndani ya siku 30, kadi inarudi.

Nilipoteza hesabu ya mabegi, ikabidi nianze upya. Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka kichwani.

Kadi ile sikuinunua. Niliichuma kwa kukaa kiti cha nyuma, daraja la kawaida, Dar kwenda Guangzhou mara sita au saba kwa mwaka tangu 2011. Nimelala kwenye sakafu za viwanja vya koneksheni nimeweka kichwa juu ya pochi, hela ya mzigo nimeifunga kiunoni ndani ya kanga. Kuna mashirika yalikuwa yanauza tiketi rahisi kuliko wao kwa dola mia, wakati mwingine mia na hamsini. Nikawa navumilia tofauti ile kwa sababu moja tu: ukikusanya maili za kutosha, yaani pointi za safari zako, ndani ya mwaka, hadhi inabaki.

Wapo wanaodhani tunalilia launji, vile vyumba vya kupumzikia uwanjani. Launji ni nzuri, sikatai. Ukishuka saa nane usiku na ndege yako ya pili ni saa tano asubuhi, kuoga na kunyoosha mgongo ni neema. Lakini mtu wa Kariakoo kadi ya dhahabu anaihesabu kwa kilo. Mzigo mkubwa unapanda meli, kwenye kontena la kuchangia, unalipia kwa CBM, yaani mita za ujazo, na unasubiri. Mzigo wa haraka unapanda na mwenyewe: sampuli, nguo za sikukuu, kile ambacho kikichelewa wiki tatu bei yake imekufa. Begi moja la ziada bila kulipia, mara saba kwa mwaka, kwangu ilikuwa ada ya mtoto ya muhula mzima.

Sasa tuje kwenye korona.

Mwaka 2020 mashirika mengi yalitangaza kwamba hadhi za wateja zitaongezwa muda, na mengi yakaongeza tena 2021. Nililipokea hilo kwa shukrani na bado nashukuru. Ndege zilikuwa zimeegeshwa, marubani wamekaa nyumbani, na hasara ya mashirika ya dunia kwa mwaka ule mmoja ilipita dola bilioni 100. Delta wa Marekani walikwenda mbele zaidi: maili za hadhi ambazo mteja alizichuma 2020 walizibeba wakazihesabu 2021, ili safari za Januari na Februari zisipotee bure. Huo ulikuwa uungwana.

Shida yangu ni saa waliyoitumia kupimia. Waliangalia ndege zao zimeanza kuruka lini. Hawakuangalia njia ya mteja imefunguka lini.

China ilifunga mlango kwa wageni tarehe 28 Machi 2020. Viza zilizokuwa kwenye pasi zetu hazikufaa tena. Siku iliyofuata ikaanza amri kwamba kila shirika la nje libaki na njia moja tu kuingia China, tena safari moja kwa wiki. Juni ikaongezwa nyingine: abiria watano wakikutwa na virusi kwenye safari moja, njia hiyo inasimamishwa wiki nzima. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo wengine tulikuwa tunapanga mwaka mzima kwa kuyafuata, yakahamia mtandaoni. Karantini ya wanaoingia ilifutwa tarehe 8 Januari 2023. Viza za aina zote zikaanza kutolewa tena 15 Machi 2023. Hesabu mwenyewe. Ni karibu miaka mitatu.

Anga la Tanzania lilifunguliwa 18 Mei 2020, mapema kuliko wengi, na watu wa nje wakadhani sisi tuko huru kusafiri. Kwenda wapi? Januari 2021 Uingereza ikatuweka kwenye orodha nyekundu, ya nchi ambazo wasafiri wake wanazuiwa. Wenzetu wa Kenya wakawekwa Aprili, wakatolewa Septemba. Dubai ilitupokea tangu Julai 2020, tukaifanya ndiyo Guangzhou yetu kwa bei ya juu zaidi, halafu siku ya Krismasi 2021 Falme za Kiarabu zikasimamisha wasafiri kutoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria mpaka mwishoni mwa Januari. Nawafahamu watu waliokuwa wamelipia mzigo Deira, kule kwenye maduka ya Dubai, wakabaki Dar wanatazama picha zake kwenye simu.

Miaka ile mimi nilinunua kwa WeChat. Unamtumia wakala picha, anakutumia picha, unatuma hela, unaomba Mungu. Mwaka 2021 ulifika mzigo wa mabegi ya shule 1,200, rangi nzuri, mshono umenyooka, lakini zipu zinaachia ukivuta mara ya tatu. Kama ningekuwa Guangzhou ningeivuta zipu ile kwa mkono wangu palepale kwenye ghala, nikasema hapana. Badala yake nilikaa na fundi nyuma ya duka wiki tatu tunafumua na kushona upya, begi moja moja, mafuta ya cherehani yananuka mpaka kwenye nywele zangu. Mteja akirudisha begi harudi kununua, kwa hiyo hatukuwa na njia nyingine.

Na kadi? Iliongezwa mpaka mwisho wa 2021. Ikaongezwa tena mpaka mwisho wa 2022. Tarehe 31 Desemba 2022 ikashuka, haikupita hata kwenye kadi ya fedha, ile ya chini ya dhahabu, ikaenda moja kwa moja chini kwenye kadi ya kawaida anayopewa yeyote anayejiandikisha leo. Siku nane baadaye China ikafuta karantini.

Niliwaandikia nikaeleza kwamba safari zangu karibu zote zilikuwa za nchi moja, nchi hiyo ilikuwa imefungwa, na ndiyo kwanza inafunguliwa. Niliomba mwaka mmoja tu wa kuthibitisha kwamba bado ni mteja wao. Wakajibu kwamba mfumo hauruhusu. Kompyuta zao zinajua kila kiti nilichokalia tangu 2011. Zinajua niliruka kwenda wapi na nikaacha lini. Ilihitajika dakika tano za mtu mmoja kuangalia.

Wiki ya kwanza ya Aprili 2023 nikawa uwanja wa Baiyun, Guangzhou, kwenye foleni ya kurudi. Mbele yangu mama mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe, tumekutana safarini tangu zamani. Ilikuwa Ramadhani, yuko kwenye funga, na alikuwa amebeba magauni ya watoto ya Idi. Alipanga mabegi matatu kama alivyozoea: mawili ya magurudumu na shangazi kaja moja lililozungushiwa gundi ya karatasi mpaka likawa kama jiwe. Binti wa kaunta akachukua kadi, akaigonga kwenye mashine, akatikisa kichwa kwa upole. Begi la tatu ni la kulipia. Mama hakuelewa. Akaitoa tena kadi ile, ya rangi ya dhahabu, kona zimechakaa, jina lake limeanza kufutika, akailaza juu ya kaunta na kuisukuma mbele kwa kidole.

Akanigeukia. "Mwanangu, hebu mwambie. Hawa watu nimepanda nao tangu uwanja wa Dar tunaondokea jengo la pili, la tatu halijawaza kujengwa."

Nikamwambia, "Mama, zimeshushwa zote. Na yangu pia."

Akachuchumaa sakafuni, akachana gundi kwa funguo, akaanza kutoa magauni. Yalikuwa ya satini, yamekunjwa manne manne na utepe wa mgongoni umefungwa vizuri ili usichafuke. Nilichukua kumi na mawili kwenye begi langu la mkononi. Yaliyobaki aliyalipia, dola mia mbili na themanini, zikihesabiwa moja moja kutoka kwenye kitambaa. Faida ya magauni yale ilikuwa hiyo hiyo. Alifungulia ndani ya ndege kwa tende mbili na maji.

Rafiki yangu anayeuza tiketi Mtaa wa Samora ananiambia nimezidi. "Dada, ile kadi ni zawadi. Masharti yameandikwa: shirika linaweza kubadilisha wakati wowote." Ni kweli yameandikwa. Lakini kama ni zawadi isiyo na thamani, mbona mashirika yenyewe yaliitumia kukopea?

Juni 2020, katikati ya balaa lile, United, shirika la Marekani, walitafuta mkopo wakauweka rehani mpango wao wa wateja wa kudumu, MileagePlus. Si ndege. Ndege zilikuwa zimeegeshwa na hakuna aliyezitaka. Walichukua dola bilioni 6.8, na kwenye hesabu walizowaonyesha wakopeshaji mpango ule ulithaminiwa karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za shirika lenyewe kwa bei ya soko ya siku zile. Septemba Delta wakafanya hivyo hivyo na SkyMiles, dola bilioni 9. Machi 2021 American Airlines wakaweka AAdvantage, mpango wa tangu 1981, wakapata bilioni 10. Kilichowekwa rehani pale ni nini? Ni matumaini kwamba watu watarudi. Ni yule mama na kadi yake iliyochakaa, wako wengi kama yeye kila nchi, ambao mkopeshaji aliamini kwamba hata dunia ikifungwa, ikifunguliwa watapanda tena ndege ileile.

Najua sehemu kubwa ya thamani ile inatoka kwenye maili zinazouzwa kwa benki za Marekani zinazotoa kadi za mkopo. Hilo linaniuma zaidi. Huko mtu anachuma maili kwa kununua mafuta na mboga. Sisi wengi wetu hatuna kadi hizo, maili zetu tumezichuma kwa mgongo tu. Njia ikifungwa, sisi tunakauka kabisa, hakuna tunapochota.

Na sasa kipimo chenyewe kinabadilishwa. Septemba 2023 Delta walitangaza kwamba hadhi itahesabiwa kwa fedha uliyotumia, umbali na idadi ya safari havina kazi tena. Wateja walipiga kelele mpaka bosi wao, Ed Bastian, akakiri kwamba walizidisha, wakapunguza viwango mwezi uliofuata. Lakini fedha ikabaki kuwa ndiyo kipimo. British Airways wameingia humo tangu Aprili 2025: pointi moja kwa kila pauni, na dhahabu ni pointi 20,000. Mwenye tiketi ya dola elfu moja ya kwenda na kurudi hataifikia hata akihamia uwanjani. Kampuni inayomkatia mkurugenzi kiti cha mbele itaifikia kwa safari chache. Wanasema kadi zilikuwa nyingi mno na launji zimefurika. Sawa, nakubali, zilifurika. Wangeweza kutufungia launji na kutuachia begi.

Tanzania, Kenya, Uganda, popote pale, mtu aliyekaa na shirika moja miaka tisa alistahili swali moja kabla ya kushushwa: ulikuwa unakwenda wapi, na huko kumefunguliwa lini? Kama kumefunguliwa Januari 2023, basi mwaka wake wa kujithibitisha uanzie Januari 2023. Hasara yake kwao ingekuwa ndogo mno, kwa sababu mtu ambaye njia yake imefungwa hakai launji wala habebi begi la ziada. Kadi yake imelala droo. Kumwongezea muda wakati hasafiri hakukuwagharimu kitu, na kumnyang'anya siku anapotaka kusafiri kukawapotezea mteja.

Barua pepe yao nimeijibu. Nimeandika tarehe mbili, 31 Desemba 2022 na 8 Januari 2023, nikawaomba wanieleze kwa nini siku zile nane ziligharimu miaka yangu tisa. Sijajibiwa. Tiketi ya Oktoba ya kwenda Canton nimeshakata kwa shirika jingine, mabegi mawili ya kilo 23, dola 140 chini ya bei yao. Mama wa Narung'ombe nimemkatia kiti pembeni yangu.