Msimamo hausemi uongo? Waulizeni Sheffield United

Kila Mei, timu tatu za Ligi Kuu ya England zikishashuka daraja na kufungasha virago, lazima atokee mtu na ile sentensi yake: "Mechi 38 zinatosha, msimamo hausemi uongo, aliyeshuka kastahili." Huitamka kwa utulivu wa kadhi, hasa kama timu yake mwenyewe imemaliza ya nne. Msimu wa 2023/24 Everton walipopokwa pointi 10 kwa kuvunja kanuni za fedha, wakarudishiwa 4 kwa rufaa, wakapokwa 2 nyingine Aprili, na Nottingham Forest wakakatwa 4, ilitosha kuistaafisha sentensi hiyo. Wapi! Luton walishuka na pointi 26 huku Forest, pamoja na makato yao, wakimaliza na 32. Watu wakashusha pumzi: mnaona, hakuna aliyeonewa.

Hesabu ilikaa vizuri, basi. Mwaka 2007 haikukaa: Sheffield United walishuka, West Ham waliovunja kanuni wakabaki.

Mnakumbuka Waargentina Tevez na Mascherano walivyotua West Ham wakitokea Corinthians ya Brazil, Agosti 31, 2006, siku dirisha linafungwa. Kila mwenye akili timamu alijiuliza: West Ham wametoa wapi hela? Hawakutoa. Haki za kiuchumi za Tevez zilikuwa za kampuni mbili za nje, MSI na Just Sports, na West Ham walikuwa wapangaji tu kwenye nyumba ya watu. Mkataba wa upangaji ulikuwa na kipengele kimoja kibaya: wenye nyumba wangeweza kumhamisha mchezaji dirisha la usajili likifunguliwa, na klabu isiwe na ubavu wa kukataa. Kanuni ya ligi wakati huo, U18, haikumzuia mtu wa tatu kumiliki mchezaji. Katazo hilo Ligi Kuu ya England iliweka 2008, na FIFA wakalifanya la dunia nzima Mei 2015. U18 ilichokataza ni mkataba unaompa mtu wa nje uwezo wa kuingilia maamuzi ya klabu na uchezaji wa timu. Kipengele kile kiliingia humo moja kwa moja.

Kubaya zaidi, kilifichwa. Ligi iliuliza kama kuna makaratasi mengine, ikaambiwa hakuna. Hapo wakavunja na B13, kanuni ya kutendeana kwa nia njema. Wanaosema "yalikuwa makosa ya makaratasi" wairudie sehemu hii polepole. Karatasi haijifichi yenyewe.

Hukumu ya jopo la ligi ikatoka Aprili 27, 2007: faini ya pauni milioni 5.5. Pointi, sifuri.

Hapa ndipo damu inaponichemka, na siyo kwa sababu ya kiasi cha faini. Ni sababu zilizotolewa. Klabu imekiri kosa. Sawa, walikiri baada ya kubanwa. Wamiliki ni wapya, maana Magnússon aliinunua klabu Novemba 2006. Sawa pia, ingawa pointi zilizovunwa na Tevez zilibaki kwa hao hao wamiliki wapya. Mashabiki hawana kosa. Halafu ikaja ile ya kufungia kazi: kukatwa pointi Januari kungeuma lakini kungevumilika, ila kukatwa mwishoni mwa Aprili kungeishusha timu bila shaka.

Yaani adhabu imeachwa kwa sababu ingefanya kazi.

Na huko "kuchelewa" kumeletwa na nani? Na aliyekalia makaratasi toka Agosti. Angeyatoa siku ya usajili, kipengele kingefutwa au mchezaji asingesajiliwa. Angeyatoa Oktoba, pointi zingekatwa Oktoba na timu ingekuwa na miezi saba ya kujikwamua. Amekaa nayo hadi Januari, kesi imekuja kusikilizwa zimebaki mechi tatu, halafu anaambiwa: pole, tungekuadhibu lakini muda umekwenda. Mwizi akamatwe na mali, aachiwe kwa sababu ameshaizoea!

Hilo la mashabiki kutokuwa na kosa ndilo lenye hila kuliko yote, kwa sababu linasikika kama huruma. Mashabiki wa wapi? Nafasi ya 17, ya mwisho ya kubaki ligini, ni kiti kimoja. Ukimwonea huruma mmoja akakaa, umemsimamisha mwingine. Bramall Lane, uwanja wa Sheffield United, nako kuna watu wananunua tiketi za msimu, nao hawakusaini mkataba wowote na MSI. Jopo lilihesabu machozi ya upande mmoja tu wa mizani.

Isitoshe ligi hiyo hiyo haikuwa na huruma hiyo miaka kumi nyuma. Desemba 21, 1996, Middlesbrough hawakwenda Blackburn wakidai wachezaji 23 ni wagonjwa au majeruhi. Wakakatwa pointi 3. Walimaliza na 39, wakashuka. Coventry walibaki na 41. Rudisha zile 3 uone nani angeshuka. Mashabiki wa Boro nao hawakuwa na kosa. Boro walikuwa na mafua, West Ham walikuwa na siri, na mafua ndiyo yaliyoadhibiwa.

(Sisi huku Tanzania ladha hii tunaijua. Aprili 2017 Kagera Sugar waliwafunga Simba 2-1, zikaibuka kadi tatu za njano za Mohamed Fakhi wa Kagera, zilizodaiwa kumzuia kucheza, Kamati ya Saa 72 ikawapa Simba pointi 3 za mezani, kamati nyingine ikazirudisha Kagera, na ubingwa ukaamuliwa kwa tofauti ya mabao, Yanga 68, Simba 68. Vurugu tupu. Lakini angalau hakuna aliyesema pointi zisiguswe kwa sababu msimu umekwisha.)

Haya, tuingie kwenye hesabu, maana kuna watu wanadhani hili ni suala la hisia. Msimamo wa mwisho: West Ham pointi 41, mabao kasoro 24. Wigan 38, kasoro 22. Sheffield United 38, kasoro 23. Ng'oa pointi 3 kwa West Ham, wanabaki na 38 na tofauti mbaya kuliko zote. Wameshuka. Pointi 2 hazitoshi, wanabaki na 39 salama. Kwa hiyo kesi nzima ilikuwa inazunguka swali moja: Tevez alikuwa na thamani ya pointi 3 au hakuwa nayo?

Mwanzoni mwa Machi West Ham walikuwa pointi 10 nyuma ya usalama zikiwa zimebaki mechi tisa tu. Tevez hakuwa amefunga hata bao moja la ligi hadi Machi 4 dhidi ya Tottenham, mechi waliyopoteza 4-3. Akamaliza na 7. Katika hizo mechi tisa za mwisho West Ham walishinda saba, ingawa Sheffield United wenyewe waliwafunga 3-0 Aprili 14. Jopo la usuluhishi la Lord Griffiths, lililosikiliza madai ya fidia ya Sheffield United, lilipotoa uamuzi Septemba 2008, halikusita: bila Tevez, West Ham wangepungukiwa angalau pointi 3. Likakuta pia kwamba hata baada ya mkataba ule "kuchanwa" Aprili, ahadi za mdomo kwa wenye mchezaji ziliendelea. Kwa hiyo hata zile mechi tatu za mwisho alizoruhusiwa kucheza zilisimama juu ya maneno yasiyo ya kweli.

Sasa upande wa pili, maana najua mnaungojea. Ndiyo, Sheffield United walijichimbia. Zimebaki mechi mbili walikuwa na pointi 38. Walihitaji pointi moja ndani ya dakika 180. Wakapigwa 3-0 na Villa. Mei 13 wakawa nyumbani na Wigan, sare inawatosha. Scharner wa Wigan akafunga, Stead akasawazisha, halafu dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza Jagielka wa Sheffield United akaunawa mpira ndani ya eneo la hatari. Penalti akaipiga David Unsworth, aliyeondoka Bramall Lane Januari ileile. Bao. Wigan wakabaki 10 uwanjani, Webber wa Sheffield United akagonga nguzo, 2-1 ikaisha hivyo. Nani amlaumu Tevez kwa mkono wa Jagielka? Na kuhusu usafi, Sheffield United walimuuza mchezaji wao Kabba kwa Watford Januari, na timu hizo zilipokutana Aprili 28 Kabba hakucheza. Maswali yaliulizwa, adhabu haikutoka. Nalikubali hilo, kwa shingo upande.

Lakini kuna kushindwa uwanjani na kuna kushindanishwa na mtu aliyebeba mzani mfukoni. La kwanza halifuti la pili. Mwanafunzi aliyepata 38 akafeli kwa alama moja ana haki ya kuuliza yule wa 41 alipata wapi majibu, hata kama yeye mwenyewe angesoma zaidi angefaulu.

Malalamiko mengine ya mwaka ule siyabebi. Benítez wa Liverpool kupeleka Fulham kikosi cha akiba kwa kuwa ana fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Athens: Fulham walishinda 1-0 na wakamaliza na 39, inauma, ila kocha anapanga timu yake. Ferguson wa Manchester United kuwaweka benchi Ronaldo, Giggs na Scholes siku ya mwisho dhidi ya West Ham: bingwa tayari, ana fainali ya FA. Goli la Zamora wa West Ham kule Blackburn ambalo mpira haukuvuka mstari, tena ulimgonga Tevez aliyekuwa ameotea: kosa la waamuzi, na waamuzi huwakosea wote. Kama ile ya Villa Park Juni 17, 2020, kipa Nyland wa Villa alipoubeba mpira hadi nyavuni na saa ya mwamuzi, inayopokea ishara ya mtambo wa mstari wa goli, ikanyamaza. Walionyimwa goli ni Sheffield United, tena wao, lakini walioshuka ni Bournemouth, kwa pointi moja. Mtambo haukumficha mtu karatasi.

Dawa haihitaji uprofesa. Mchezaji asipewe leseni hadi mikataba yote, pamoja na ile ya pembeni, iwe mezani na imesainiwa na mmiliki wa haki zake. Kiwango cha pointi kijulikane kabla ya msimu, kosa hili pointi kadhaa, lile kadhaa, jopo lisianze kupima machozi Aprili. Rufaa zote ziishe kabla ya mechi ya mwisho. Na aliyeficha asinufaike na siku alizoficha: ushahidi ukitoka wiki ya mwisho, kata wiki ya mwisho.

Fidia ilikuja Machi 2009, makubaliano nje ya jopo, yaliyoripotiwa kuwa takriban pauni milioni 20, kwa awamu. Kikosi kilikuwa kimeshavunjika, kocha Warnock alishaondoka siku chache tu baada ya ile mechi ya Wigan, na Jagielka alikuwa Everton. Hela haichezi beki.

Wapo wanaojifariji kwamba Mungu si Athumani, West Ham nao walishuka 2011. Walishuka kweli, wakarudi baada ya msimu mmoja. Mwaka huohuo Sheffield United waliteremka tena, hadi daraja la tatu, wakakaa huko misimu sita. Ligi Kuu waliiona tena 2019.