Braketi ya injini na ubao wa nyuma uliochoka

Fundi mmoja kijana wa kuchomelea vyuma hapa Moshi aliniambia hivi karibuni kwamba wavuvi wazee wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanaokataa boti zao kuukuu za faiba zifungwe braketi ya injini, yaani fremu au sanduku linalofungwa kwenye ubao wa nyuma wa boti ili injini ikae mbali nao, ni watu wanaoogopa vitu vipya. Kauli hiyo nimeisikia kwa wengine pia. Inastahili kujibiwa, kwa sababu wanachokisema wazee hao ni hoja ya ufundi, ingawa wao huifupisha kwa maneno mawili tu: ubao umechoka.

Mafundi wana sababu nzuri za kuipenda braketi. Boti nyingi za zamani zilikatwa pengo katikati ya ubao wa nyuma ili injini ikae chini ya kutosha, na pengo hilo ndilo mlango wa wimbi linalokuja kwa nyuma wakati boti imepunguza mwendo ghafla. Injini ikihamishiwa kwenye braketi, pengo huzibwa, ubao ukapanda hadi kimo cha kingo za pembeni, na nafasi ya ndani ikaongezeka. Propela nayo hupata maji yaliyotulia zaidi. Vilevile, mvuvi aliyepata kwa bei nafuu injini ya shafti ndefu (shafti ni mguu unaoshuka hadi kwenye propela), ya sentimita 51, wakati boti yake ilitengenezwa kwa shafti fupi ya sentimita 38, anaweza kuifunga katika kimo kinachoifaa bila kuigusa shafti.

Hata hivyo, faida hizo zote zinategemea kitu kisichoonekana kwa macho. Ubao wa nyuma wa boti ya faiba, kwa kawaida, ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba ndani na nje. Faiba haiozi, lakini plaiwudi huoza, na maji huingia taratibu kupitia matundu ya bolti za injini, tundu la kutolea maji na ukingo wa lile pengo. Rangi mpya huificha hali hiyo kabisa. Boti inaweza kung'aa kama imetoka kiwandani huku mbao zake za ndani zikiwa laini kama mkate uliolowa.

Sasa tuiweke hesabu mezani, maana hapa ndipo ninapoona wazee wanaonewa. Tuchukue injini ya kilo 80, ambayo uzito wake umekaa sentimita 20 nyuma ya mahali inapofungwa. Ikiwa juu ya ubao wenyewe, na safu ya bolti za juu ikiwa sentimita 40 juu ya safu ya chini, bolti za juu zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 40. Weka braketi ya sentimita 60, injini ile ile isimame sentimita 80 kutoka kwenye ubao, na bolti zile zile sasa zinavutwa kwa kilo 160, yaani mara nne, bila kuhesabu uzito wa braketi yenyewe. Hiyo ni boti iliyotulia. Ikiruka wimbi la alasiri na kudunda kwa nguvu maradufu ya uzito, tunazungumzia kilo 320, tena kwa mapigo yanayojirudia mamia ya mara kwa siku. Juu ya hayo yote, msukumo wa propela hufanya kazi chini kabisa, kwa hiyo nao huukandamiza ubao ndani upande wa chini na kuuvuta nje upande wa juu, mwelekeo ule ule wa uzito. Nguvu hizo mbili hazipunguzani, bali zinajumlishana. Ubao mzima unaweza kuzibeba. Ubao uliooza, ambao kwa miaka kumi uliistahimili injini bila kulalamika, hautazibeba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba braketi ikichomoka kosa ni la bolti. Bolti za stenlesi zikikazwa juu ya plaiwudi laini hupata nafuu ya muda tu, kwa sababu mbao huendelea kubonyea na nati hulegea tena. Bamba pana la chuma upande wa ndani husaidia kutawanya nguvu, lakini haliwezi kuigeuza mbao iliyooza kuwa nzima.

Jambo la pili ni uzito kuhamia nyuma. Kilo 80 zikisogezwa sentimita 60 ni sawa na kuliburuta gunia la mahindi la kilo 48 mita nzima kuelekea nyuma na kuliacha huko. Kama mvuvi amebadilisha pia injini ya mipigo miwili kwa ya mipigo minne, ambayo kwa nguvu zile zile mara nyingi ni nzito zaidi, nyuma ya boti itazama zaidi. Braketi iliyotengenezwa kama sanduku lililozibwa hurudisha sehemu ya deni hilo: sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 25 likizama lote husukuma juu kama kilo 75, ukitoa uzito wake. Fremu ya vyuma vya pembe, ambayo ndiyo rahisi kuchomelea, hairudishi chochote. (Anayetegea nyavu kwa upande wa nyuma ana sababu ya ziada ya kusita, kwani injini iliyosimama mbali hivyo ni kitu cha kunasia.)

Kwa hiyo fundi anayeombwa braketi aanze na nyundo ndogo, agonge ubao wote na kusikiliza mahali mlio unapofifia, kisha atoboe tundu jembamba kutoka ndani, karibu na sakafu, aangalie unga unaotoka. Unga mkavu na mweupe unaruhusu kazi kuendelea. Unga mweusi wenye unyevu maana yake ubao ufunguliwe na plaiwudi ibadilishwe kwanza, braketi baadaye. Kazi hiyo haifai kufanyika masika, kwa kuwa mbao zilizofunguliwa mwezi wa Aprili hapa kwetu hazikauki, na faiba ikifunikwa juu ya unyevu uozo huanza upya. Mteja anayeleta boti wakati huo aambiwe aiweke chini ya paa, omo, yaani sehemu ya mbele, likiwa juu na tundu la maji likiwa wazi, hadi mvua zikatike.