Hatua 70 kwa 70: kibarua wa Dodoma alipwe kwa kipimo gani?

Amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ilianza kutumika 1 Januari 2026. Wastani umepanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, yaani kama asilimia 30. Si haba, ila wastani huo hubebwa na migodi, benki na umeme. Kilimo kimezoea kuburuza mkia: Sh100,000 kwa mwezi katika amri ya 2013, Sh140,000 katika ile ya 2022. Hiyo Sh140,000 ukiigawa kwa siku 26 za kazi, unapata kama Sh5,400 kwa siku.

Sasa njoo wilaya zetu za Kongwa, Bahi au Chamwino umtafute kibarua anayelipwa kwa mwezi. Palizi hupatanwa kwa ekari, na ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Za mwenye shamba, ambaye siku ya kupima miguu yake hurefuka ghafla. Kibarua anaingia na mkewe na kijana wao, wanapalilia mtama siku nne, na hela inatoka moja, mkononi mwa baba. Igawe kwa siku nne utasema kalipwa vizuri. Igawe tena kwa watu watatu ndipo utajua.

Halafu kuna suala la msimu. Mvua yetu ni moja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo palizi inaangukia Januari na Februari, akiba ya ndani imekwisha na debe la mahindi liko juu. Mtu anapatana bei huku nyumbani wanasubiri unga. Wengine huomba walipwe mahindi yenyewe, na debe huhesabiwa kwa bei ya wakati huohuo wa njaa. Shamba lake mwenyewe linamezwa na magugu, mavuno yanakuwa kiduchu, mwakani anarudi kulima kwa watu. Serikali ikisema mfumuko wa bei uko ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5, haisemi uongo, lakini kapu la mtu huyu ni unga, mafuta, sabuni na nauli tu.

Mwenye shamba naye tusimgeuze bepari. Wengi ni majirani tu wenye ekari tano sita. Anapalilisha Januari kwa fedha ya mkopo, anavuna wakati kila mtu anapeleka mahindi soko la Kibaigwa na bei imelala. Mvua ikikatika Februari, mtama unakauka na vibarua alishawalipa. Ukimpandishia gharama sana, duka la pembejeo linauza dawa ya magugu: kijana mmoja na bomba mgongoni anamaliza asubuhi moja kazi ya familia nzima ya siku kadhaa. Hoja hii ni nzito, na wanaodai nyongeza huipita haraka mno.

Kwenye zabibu, Hombolo au Mpunguzi, mambo ni mengine. Kupogoa ni ufundi, hakuna dawa ya kuuchukua, na mpogoaji hodari hutaja bei yake akasubiriwa. Kinachombana ni bei ya kilo ya zabibu. Zabibu haiwekeki stoo kama mahindi. Mnunuzi akichelewa, mkulima anauza kwa chochote, na malipo ya shambani yanafuata hukohuko chini.

Kwa maoni yangu, kima cha mwezi kibaki kwa mashamba makubwa yenye wafanyakazi wa kudumu, na maofisa kazi wayabane hayo kwanza. Kwa palizi, mkutano wa kijiji ukubaliane mapema, mwezi Novemba, bei ya ekari iliyopigiwa hesabu kutoka kima cha siku, kwa idadi ya watu wanaoshika jembe kweli. Shamba lipimwe kwa kamba, na anayelipwa mahindi ahesabiwe kwa bei ya mavuno. Najua mwenye njaa atakubali pungufu kichochoroni. Hata hivyo, leo hana hata bei ya kuanzia ubishi.