Kipimo cha AQP4 kwa wagonjwa wa Kusini: kinafaa au ni gharama tu?

Mgonjwa kapooza miguu, mkojo umeziba, na jicho moja lilishapoteza nuru mwaka jana. Je, hospitali ya Mtwara au Lindi itume damu kutafuta kingamwili dhidi ya akwaporini-4 (AQP4, protini ya seli za ubongo na uti wa mgongo), alama ya ugonjwa wa NMO ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya macho na uti wa mgongo, au itibu tu?

Wanaosema itibu tu hawakosei. Majibu yanachukua wiki kadhaa, ndugu wanalipa mfukoni, na dawa ya kuanzia ni ileile: methilprednisoloni (steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe) gramu 1 kwa mshipa kila siku, siku 3 hadi 5, baada ya kuangalia TB, VVU, kaswende na kichocho.

Ila hoja hiyo inaishia mlangoni mwa wodi. Mgonjwa anapata nafuu, anapewa prednisoloni (steroidi ya vidonge) ya wiki mbili, anarudi Newala, basi. Mwenye kingamwili ya AQP4 hajamaliza. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2006 ulifuatilia waliopata uvimbe mrefu wa uti wa mgongo kwa mara ya kwanza: kati ya wenye kingamwili hiyo, zaidi ya nusu walishambuliwa tena ndani ya mwaka; wasio nayo, hata mmoja. Kundi lilikuwa dogo, sawa. Lakini katika ugonjwa huu ulemavu hauji polepole kama kwenye MS (ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo). Unaletwa na mashambulio yenyewe, na jicho likishapofuka mara nyingi ndiyo basi. Kwa hiyo jibu la wiki ya sita halijachelewa hata kidogo. Ndilo linaloamua kuanza azathioprini (dawa ya kushusha kinga), miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku, na kutoikata prednisoloni mapema, maana azathioprini huchukua miezi kushika.

Kinachoharibu zaidi ni sampuli. Damu itolewe kabla ya steroidi, mililita 5, chupa ya kifuniko chekundu; igande nusu saa, izungushwe kwenye mashine, seramu (maji ya damu) itengwe na isafiri kwenye barafu. Damu nzima iliyolala kwenye basi la Dar hufika imepasuka chembe. Maji ya uti wa mgongo hayafai kwa kipimo hiki. Seramu hugundua zaidi. Maabara iulizwe kama inapima kwa seli (hai au zilizokazwa kwa kemikali) au kwa ELISA, njia isiyotumia seli, kwani chanya hafifu ya ELISA hudanganya. Hasi nayo haifungi kesi: takribani mgonjwa mmoja kati ya watano hukosa kingamwili, hivyo dalili zikishawishi, rudia baada ya miezi 3 hadi 6.

Kipimo cha kingamwili dhidi ya MOG (protini ya ala ya neva), ya ugonjwa unaofanana na huu, kifuate AQP4 ikiwa hasi. Nyurofilamenti, protini ya damuni inayoonyesha neva zimeumia na inayosifiwa sana siku hizi, hupanda kwa umri na kwa figo mbovu. Kwa bajeti ya huku, isubiri.