Maziwa hayaifikii tina

Jumanne msimamizi wangu alinizuia mlangoni mwa chumba cha kupulizia rangi kwa sababu ya ndevu. Za wiki mbili tu. Akapitisha kidole pembeni ya barakoa yangu, akasema hewa inapenya hapa: kanyoe, au subiri ile ya kofia yenye feni. Nikawaka. Nimeshika bunduki ya rangi tangu nina miaka 15, Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, puani nimejifunga kipande cha kanga, leo kijana wa Odense, huku Denmark, ananikagua ndevu?

Nikakaa kuisubiri hiyo kofia. Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba, na hasira ikageuka upande.

Mliokulia Tanga banda la rangi mnalijua. Turubai linashushwa pande zote ili vumbi la barabarani lisinase kwenye rangi mbichi. Upepo wa bahari uko nje hapo, tumeuzuia wenyewe. Jioni mnaosha mikono kwa tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, kisha kila mtu anapewa nusu lita ya maziwa asafishe kifua. Mjomba alitununulia sisi vijana kwanza kabla hajajinunulia yeye. Alifanya kwa mapenzi, na ndiyo maana inaniuma.

Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa tina unaingia mapafuni, unapita kwenye damu, na kwa kuwa unashikana na mafuta, unakwenda kukaa ubongoni, ambako mafuta ni mengi. Ukiosha mikono kwa tina, ngozi nayo inainywa. Kitambaa cha kanga kinazuia vumbi la msasa, mvuke unapita kana kwamba hakipo. Kinachoukamata ni kichujio chenye mkaa maalumu, na mkaa huo nao hushiba ukahitaji kubadilishwa.

Huku Denmark na kwa majirani zao, madaktari walianza kulipigia kelele jambo hili miaka ya 1970, walipoona wapaka rangi wa siku nyingi wanasahau, wanachoka bila kazi, wanawakia watu wa nyumbani kwa jambo dogo. Mwaka 1982 ikatoka amri ya serikali juu ya kazi ya rangi. Mpaka leo rangi ya kazini ina namba mbili: ya kwanza inakuambia ujikinge vipi na mvuke, ya pili ujikinge vipi isikuguse. Mwaka 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la mambo yaliyothibitika kuleta saratani.

Sasa najua nitakayoambiwa. Kaenda Ulaya, anatuona washamba. Sivyo. Mjomba ukimletea kipande cha bati cha gari lililopigwa jua miaka 20, alikuchanganyia rangi ileile iliyopauka, kwa jicho tu, kwenye kopo la maziwa ya unga. Hapa tunatumia mashine kuisoma rangi. Sijaona mtu Odense mwenye jicho lile.

Na jicho lile ndilo lililotangulia kuondoka. Mwaka wake wa mwisho kazini alipaka mlango wa gari la buluu. Mwenye gari akasimama juani, akasema, "Fundi, huu mbona kijani?" Mjomba akaapa ni ileile. Wapo wapaka rangi waliopimwa wakakutwa uwezo wa kutofautisha rangi umepungua, hasa buluu na manjano. Siwezi kuapa kwamba kilichomharibu mjomba ni tina. Hakuna aliyempima, na hospitali hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Nyumbani tulisema uzee. Alikuwa na miaka 52.

Mwingine atasema barakoa ni ghali. Kweli, nami nilipeleka mbili mwaka juzi, nikazikuta zinaning'inia msumarini, kwa sababu ya joto, na kwa sababu vichujio vilikwisha na sikuwa nimewapelekea vingine. Hilo kosa ni langu. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi Tanzania upo tangu 2015, lakini unachangiwa na mwajiri. Deiwaka, kibarua wa siku, wa banda la turubai anachangiwa na nani?

Mtoto wa kaka yangu ameanza kazi palepale. Jana nimempigia: osha mikono kwa sabuni, maziwa kunywa kwa njaa yako tu, na hilo turubai likunjwe upande wa upepo. Akanyamaza, kisha akasema, "Baba mdogo, vumbi likinasa mteja akakataa gari, tina na rangi ya kurudia nani atalipa?"

Nimemwambia nitalipa mimi. Vichujio nimevituma leo asubuhi.