Mchanga wa kununua

Mwezi uliopita nililetewa orodha ya vitu vya chekechea ya mwanangu hapa Leipzig. Cha tatu: mchanga, mfuko mmoja. Nikasoma tena. Mimi mzaliwa wa Chamwino, Dodoma, niliyelelewa kwenye uwanja wa udongo mwekundu, nitoe yuro saba kununua mchanga!

Nikatoa. Wiki nzima mwalimu akautumia kuwatembeza watoto duniani. Aliwaonyesha watawa wa Tibet, wanaochora kwa mchanga wa rangi siku kadhaa, wakiudondosha kwa mirija ya chuma, kisha wanaufagia wote na kuumwaga kwenye maji yanayotembea. Picha za Wanavajo wa Marekani alizieleza kwa mdomo tu: ni za tiba, huchorwa kwa ajili ya mgonjwa na kufutwa ibada ikiisha, kwa hiyo si za kuigiza darasani. Hapo nilimvulia kofia. Kutoka Vanuatu, visiwa vya Pasifiki, watoto wakajifunza kuchora kwa mstari mmoja wa kidole usiokatika.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Wachokwe wa Angola, nami nilialikwa. Michoro yao inaitwa sona: unapanga nukta kwanza, halafu kidole kinazizunguka huku hadithi ikisimuliwa. UNESCO iliitambua mwaka 2023. Mwanangu, miaka mitano, alitoboa nukta tisa kwenye sinia lake la mchanga, ulimi umemtoka pembeni, akazizungushia kidole bila kukinyanyua. Kisha akanigeukia: "Mama, na kwenu mnachora nini?"

Nilikosa jibu pale pale, na imeniuma mpaka leo. Maana jibu ninalo. Marehemu babu alikuwa akichuchumaa na fimbo yake ya kuchungia, anakuchorea chini korongo linapokata, kisima kilipochimbwa mchangani, ng'ombe wapite wapi wasiingie shamba la mtu. Sisi watoto tulichimba mashimo ya bao hapo hapo. Na a, e, i, o, u niliijulia chini, kwa kidole, kwa sababu daftari halikuwepo.

Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo. Mchanga kwetu umekuwa aibu. Mtoto akirudi na vumbi magotini anachapwa. Nilipokuja likizo nilitembezwa shule moja ya awali pale mjini, nikaonyeshwa kwa fahari uwanja mzima umepigwa pevingi. Watoto wa miaka minne wamekaa ndani, wanaimba siku za wiki kwa Kiingereza.

Najua mtakavyonijibu. "Dada, uzungu umekukolea." "Rudi ufundishe wewe, darasa lina watoto tisini." Tisini ni kweli, na mwalimu anayewamudu namheshimu kuliko huyu wa huku mwenye kumi na wawili. Lakini ndugu zangu, mchanga si bajeti. Ndicho kitu pekee ambacho Dodoma hatujawahi kumwomba mfadhili! Na sisemi watoto waandike chini badala ya daftari. Hayo nimeyaishi, siwatakii. Nasema wachore, na anayechora awaambie kwamba Angola kuna wazee wanaofanya hivi, na kwamba babu zao Wagogo walifanya vile.

Wala msiniambie hatuna jadi ya kuchora. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, mkoani kwetu, na mtoto wa huku Ulaya anaweza kuwa ameiona kitabuni kabla ya mtoto wa Kikuyu au Chang'ombe, pale pale Dodoma mjini. Hilo linanikera kuliko yuro saba.

Desemba tunakuja. Mama amenipigia kwamba fundi wa pevingi keshapatikana, ataanza mlangoni mpaka kwenye mwarobaini. Nimemwomba, na nimemwomba tena, ule upande wa nyuma jikoni usiguswe mpaka tufike.