Fundi, Pima Kwanza!

Njombe, Julai, alfajiri ya baridi. Unawasha gari: ng'we… ng'we… kimya. Fundi hajafungua hata boneti, keshatoa hukumu: "Betri imekufa, bosi." Unanunua. Kesho yake, ng'we… ng'we… "Basi ni stata." Unalipa. Bado? "Labda hita plagi, zile za kupasha injini ya dizeli." Labda! Yaani mfuko wangu ndiyo mashine yako ya kupimia?

Jamani, ile mita ya umeme kwenye kisanduku ni pambo? Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, hata mtoto anaona! Terminali, vile vichwa vya betri, zimeota unga mweupe, nani azisugue? Oili nzito ya joto la Dar, kwenye baridi hii itazunguka saa ngapi? Nani aliuliza?

Wenzangu wa Makete na Mafinga, nyie asubuhi mnasukumwa na nani?